Fundo la Papa Deo

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na mmoja. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Meza ya safari nimewaachia nyie watatu, na nyie watatu mmeniomba niwaandikie maelekezo. Maelekezo sina. Kila nilichojua nilikijua kwa kukosea, na makosa hayaandikiki kwa mpangilio wa moja, mbili, tatu. Nitawasimulia tu toka mwanzo jinsi nilivyopanga safari za kupanda majabali kule milima ya Alpi, kila kiangazi kwa miaka kumi, nikiwa nimekalia kiti kibovu kusini mwa Stockholm. Vyeo sikupata, na mshahara ulikuwa mshahara. Hapo tunaruka.

Niliingia ukumbini kusafisha. Nyie mnaujua, lakini siku moja na nyie mtarithiwa, kwa hiyo naandika: ni kiwanda cha zamani, ndani kuna kuta ndefu zenye vishikio vya plastiki vya rangi rangi kama peremende, na Waswidi wanalipa kupanda hadi juu kisha kushuka mikono mitupu. Nilipomweleza mama yangu, aliuliza huko juu wanafuata nini. Nikamwambia hawafuati kitu. Akasema basi usiwashtue, mradi wanalipa.

Mwenye ukumbi, Gunilla, ni mwanamke mwembamba anayeongea maneno kumi kwa siku, na manane ni lile "ja", ndiyo ya Kiswidi, la kuvuta pumzi ndani kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Wiki yangu ya pili alinikuta nimeegemea ufagio, nagombana kwa simu na shangazi yangu wa Ubelgiji. Kwa Kifaransa, kwa sababu shangazi akikasirika Kiswahili cha Bukavu anakiona hakimtoshi. Gunilla alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Nikajua nimefukuzwa. Akaniwekea mkononi karatasi yenye namba ya simu ya Ufaransa na kuniambia watu kumi na wawili, usiku mmoja, Julai.

Namba ilikuwa ya nyumba ya mlimani, zile nyumba ambazo wapandaji wanalala kabla ya kupanda. Kwa Kifaransa zinaitwa refuge, yaani kimbilio. Sasa mimi nilikuwa nimekulia miaka minne kwenye kambi ya wakimbizi, nikaona basi, hii kazi naijua. Nikamuuliza yule mlinzi wa nyumba kama mahema yanatosha, kama chakula kinagawiwa kwa kadi, na kama maji yapo karibu au yanafuatwa. Halafu akacheka mpaka nikasikia kitu kikianguka upande wake. Tangu siku hiyo, kwa yule mzee hatukukosa nafasi hata mwaka mmoja.

Ndivyo nilivyopata meza. Hakuna aliyenifundisha. Nilinunua daftari nikaanza kuandika tabia za walinzi, kwa sababu niligundua mapema kwamba milima inafanana ila walinzi hawafanani. Huyu usimpigie saa kumi na mbili jioni, anapika. Huyu mpigie saa nane mchana, ameamka, bado hajakasirika. Huyu muulize habari za mbwa kwanza. Huyu ukimuuliza "kuna theluji?" atakujibu ndiyo na kukata, kwa sababu theluji ipo siku zote, muulize iko wapi, na kama inaziba njia ya kushukia. Daftari hilo mnalo. Kurasa zilizochanika nilizichana mwenyewe, zilikuwa na matusi.

Na nikiri jambo moja. Miaka mitatu ya kwanza niliwaambia wateja kwamba Alpi nimeshafika. Nilikuwa nawaelezea jua linavyochomoza pale, nikilisoma kwenye kadi ya posta iliyobandikwa nyuma ya kompyuta.

Uongo una mwisho, na wa kwangu uliishia kwenye ramani. Nilikuwa napima umbali kwa rula. Kilomita nne, nawaandikia saa moja. Kikundi cha walimu kutoka Upplands Väsby kikatembea hizo kilomita nne kwa saa tano, kikafika vyombo vimeshaoshwa, na waliporudi mmoja wao aliniwekea rula mezani bila kusema neno. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri. Papa Deo akanishika bega akaniambia nyamaza, njoo huku.

Papa Deo ndiye mtu niliyetaka kumwandika toka mstari wa kwanza. Ni Mrundi wa Bujumbura, fundi wa majengo kwao, na pale ukumbini alianza kwa ufagio kama mimi. Siku moja akaona wanaume wawili wanahangaika kusimamisha ukuta mpya, akaweka ufagio chini, akawaonyesha walipokosea. Kuanzia hapo ndiye aliyekuwa akifunga vishikio ukutani na kuamua njia ipite wapi. Njia zake zilikuwa na adabu yake: unapata taabu, unapata taabu, halafu pale unapotaka kulia unakuta kishikio kikubwa kinakusubiri.

Siku ile ya rula alikunja ngumi, akachora kwa kalamu ya wino miduara kuzunguka vifundo vya vidole, duara juu ya duara. Kisha akakunjua mkono akauweka mezani. "Hii ndiyo ramani yako," akasema. "Mistari ikikaribiana, watu wanahema." Akakunja tena ngumi, mlima ukarudi. Kwa dakika mbili nilielewa kitu ambacho vitabu vitatu vya maktaba ya Skärholmen vilishindwa kunieleza. Toka hapo sikupima tena kwa rula. Nahesabu mistari ya mwinuko, kila mita mia tatu za kupanda naongeza saa, na kama kikundi kina walimu naongeza saa nyingine ya mabishano.

Kesi ngumu? Zipo. Kuna bwana aliyetaka nyumba ya mlimani yenye sauna. Kuna wachumba walioachana kati ya kulipia na kusafiri, wakaja wote wawili kwa sababu hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake mlima, na nilikuwa nimewashikia godoro moja. Kuna mama mmoja wa heshima zake aliyeniuliza kama ng'ombe wa kule wanavaa kengele usiku pia. Wanavaa. Andikeni kwenye orodha ya vifaa: vizibo vya masikio, na shuka jepesi la kushonwa kama mfuko, kwa sababu mablanketi ya kule yamelaliwa na Ulaya nzima. Kamba iwe mita sitini na katikati ipakwe alama, kwa sababu mtu akishuka kwa kamba asiyojua nusu yake iko wapi, atajua ncha moja ikimwishia hewani. Panga kuanza alfajiri. Mchana radi za kule hazina utani.

Jumamosi mchana ukumbi ulikuwa wetu. Papa Deo alimwomba Gunilla, Gunilla akavuta pumzi ndani, na watu wetu wakaanza kuja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda wawili, Mkenya mmoja aliyekuja kwa ajili ya msichana akabaki kwa ajili ya kamba. Wengine kutoka Fittja kama mimi, wengine Skärholmen. Wote Papa Deo aliwafundisha kufunga fundo, kushika kamba, kuanguka bila kupiga kelele. Mimi pia. Nilikuwa na miaka mitano kwenye meza ya safari kabla sijathubutu kupanda hata ukuta wa watoto, na aliyenishikia kamba ni yeye.

Na yeye mwenyewe hakuwahi kuona Alpi. Mwanzo ilikuwa hati za kusafiria. Hati zilipokuja, binti yake akaolewa. Binti alipokwisha kuolewa, goti. Kila mwaka aliwaandaa watu, akawafungashia kamba, akasimama mlangoni akapunga mkono, akarudi ndani kukaza skrubu. Mwaka aliokaribia kutimiza sitini, sisi wa Jumamosi tulikaa bila yeye tukaamua: kiangazi hiki anakwenda. Watu wanane, basi dogo la kukodi, dereva Jospin. Jospin ni wa Uvira, anaendesha basi la jiji, ni mkubwa kama kabati, na ndiye rafiki yangu pekee anayeweza kuniambia nyamaza nikanyamaza.

Safari hiyo niliipanga kuliko zote. Nilichagua bonde karibu na Briançon, kwa sababu majabali yako karibu na barabara na goti la Papa Deo lilikuwa na maoni yake. Nilichagua ukuta wenye pete za chuma zilizopigwa vizuri, urefu wa kamba nne kwenda juu, na njia ya kushuka kwa miguu nyuma. Niliwapigia simu walinzi watatu kuuliza habari za theluji. Niligombana na akina mama wa kanisa waliotaka tubebe kilo ishirini za sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, tukakubaliana kilo sita. Nilipanga nani apande na nani kwa uzito, kwa tabia, na kwa nani ana deni la maneno kwa nani. Papa Deo nilijiwekea mimi. Sikuuliza mtu.

Mwezi wa tano tukaenda kufanya mazoezi nje, kwenye jabali lililo msituni karibu na Masmo, kituo kimoja tu kutoka kwetu. Na hapa lazima niwaeleze kitu tulichokosea sisi, ambacho Mswidi asingekikosea hata akiwa usingizini.

Kila mpandaji kabla ya kuondoka chini anakaguliwa na mwenzake. Unamwangalia fundo, unaligusa, unalivuta. Unamwangalia mkanda wa kiunoni. Naye anakuangalia. Gunilla anakaguliwa, bingwa anakaguliwa, na kama angekuja mfalme wangemshika kiuno. Sisi tulikaguana vizuri tu. Ila Papa Deo hakuna aliyemkagua. Hakuna aliyekataza. Lakini utamkaguaje mtu aliyekufundisha hilo fundo? Utapelekaje mkono kwenye mkanda wa mzee, tena wewe msichana wa rika la binti yake, umvute kiunoni mbele za watu umwambie subiri kwanza nione kama unajua? Miaka yote hiyo alimaliza kufunga, akasema "bon", yaani haya, tukasema "bon", akapanda.

Siku ile alisema bon. Nikaanza kumpa kamba. Alikuwa ameshapanda kama mita mbili, jua likampiga kiunoni, nikaona. Fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8, linafungwa mara mbili: unalifunga kwanza kwenye kamba, unapitisha ncha kwenye mkanda, halafu ncha inarudi kufuata njia ileile mpaka mwisho. La Papa Deo lilikuwa limepita kwenye mkanda na kuishia hapo. Ncha ilikuwa inaning'inia. Angeendelea hadi juu na kuiegemea kamba, kamba ingetoka kama uzi kwenye sindano.

Ningeweza kusema taratibu. Ningeweza kusema, Papa, nimesahau kitu, shuka kidogo. Watu wenye akili wanafanya hivyo. Mimi nilipiga kelele mpaka ndege wakaondoka kwenye miti. Aliposhuka, mbele ya wenzetu sita na mbele ya familia ya Waswidi iliyokuwa inachoma soseji, nilimwambia, "Unataka kutuua? Hata mtoto wa chekechea anafunga hii."

Nimesema maneno mengi ya kijinga maishani, na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau. Papa Deo aliangalia fundo, akalifungua, akakunja kamba yake vizuri, mzunguko kwa mzunguko, akavaa koti akaelekea kituoni. Hakuna aliyemfuata. Soseji za wale watu ziliungua.

"Ulikuwa na haki," Jospin akaniambia baadaye, "na ulikuwa mshenzi."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Njia ukutani zilibaki zilezile wiki mbili na wateja wakaanza kuuliza. Gunilla naye akaniuliza kama mzee anaumwa, na mimi niliyezoea kumjibu Gunilla kabla hajamaliza swali, nilisema sijui. Ningemwambia kweli, Papa Deo angepoteza kazi. Ningekaa kimya, angerudi siku moja afunge tena nusu fundo. Na orodha ya safari ilikuwa mezani, majina manane, mlinzi ameshathibitisha.

Sasa kwetu huendi kumwomba radhi mzee peke yako kama unayekwenda kurudisha kitabu cha maktaba. Unapeleka mtu mzima wa kukusemea, na wewe unakaa kimya. Nilimwomba mama. Mama akasema atakwenda kwa sharti moja: nisifungue mdomo mpaka aniambie. Tukapanda treni hadi Upplands Väsby na mkungu wa ndizi na kitambaa cha kumpa mkewe, na njia nzima mama alinikumbusha sharti kila kituo.

Mkewe alitupokea vizuri mno, ambayo ndiyo adhabu yenyewe. Chakula kilikuja. Mama na Papa Deo wakaongea habari za baridi, habari za bei ya unga wa muhogo, habari za mchungaji mpya anayehubiri mpaka basi la mwisho linaondoka. Dakika arobaini. Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Halafu chai ikaletwa, toka jikoni moja kwa moja, kwenye vikombe vya chuma. Mimi nilishika changu nikakiachia. Mama alikifunika kwa leso. Papa Deo alikizungushia cha kwake mkono mzima wa kulia, vidole vyote, akakaa nacho hivyo, anaongea, hata hatikisiki.

Sharti la mama likaishia hapo.

"Papa, hiyo chai haikuchomi?"

Mama alifumba macho. Papa Deo alikiangalia kikombe kama mtu aliyekutwa na kitu cha mwenzake. Akakiweka chini. Kiganja kilikuwa chekundu.

"Inachoma watu wengine," akasema. Kisha akanyoosha mkono ule juu ya meza. "Vidole viwili vimelala toka Krismasi. Cha tatu kinafuata. Daktari anasema ni sukari. Nafunga kwa kuangalia, sasa. Siku nikiongea na mtu, sioni nilipoishia."

Mkewe akasema amemwambia miezi mitano amweleze Gunilla. Akajibu kwamba Gunilla akijua atampa ufagio tena, na yeye ufagio alishauweka chini. Na mimi, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikayatoa yote. Nikamwomba radhi kwa yale maneno. Nikamwambia kwa Gunilla sitakwenda, siri ni yake, nitakufa nayo. Lakini nikamwambia pia kwamba bila kukaguliwa hapandi kamba ninayoishika mimi, na kama hataki, kesho nachana orodha na hakuna anayekwenda popote.

"Unikague wewe," akasema. Hakuuliza. Aliisema polepole aone inavyosikika, na ilisikika vibaya.

Mama yangu hajawahi kushika kamba ya kupandia. Anadhani wote tuna wazimu, na anamwombea Jospin kwa sababu ya uzito wake. Lakini alikuwa amekuja kusuluhisha.

"Papa Deo," akasema, "hapa tumenawa mikono kabla ya kula. Maji yalianza kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwa nini?"

"Si mimi ndiye mkubwa?"

"Basi na huko kwenye kamba zenu waanzie kwa mkubwa. Wakuhudumie wewe kwanza, halafu wengine wafuate. Mtu akipelekewa maji ya kunawa, nani anasema mikono yake ni michafu?"

Papa Deo alituaga vizuri, akatufungia chapati, na mlangoni akasema atafikiri. Kwenye treni mama alinipiga kofi dogo la begani kwa ajili ya chai, halafu akala chapati yangu.

Wiki tatu hakuja wala hakupiga simu. Sikuchana orodha. Nilisema nitachana, sikuchana, mnijue hivyo. Asubuhi ya kuondoka tulikuwa saba mbele ya kituo cha Fittja, Jospin anapakia sombe, mimi naangalia kila treni inayofika. Akashuka kwenye ya saa moja na dakika kumi, begi mgongoni, kofia yake ya kazi kichwani. Akatusalimia wote kwa mkono. Kwangu akasema tu, "Kaa nyuma, unaongea sana, dereva asinzie kwa amani." Siku mbili za barabara, Denmaki, Ujerumani, na hakugusia jambo.

Mnataka kujua Alpi zikoje? Ni kubwa. Kadi ya posta haikudanganya, mimi ndiye niliyedanganya.

Asubuhi ya pili tulikuwa chini ya ukuta saa kumi na mbili. Kulikuwa na vikundi vingine vitatu vinasubiri njia zao, Wafaransa, na Waswidi wawili walionijua ukumbini. Sisi tukavaa mikanda. Tukafunga mafundo. Halafu tukamaliza, na hakuna aliyefanya kitu. Watu saba, wote tunaangalia viatu. Papa Deo alikuwa amesimama mbele ya jabali, mgongo kwetu, amemaliza kufunga, na lile "bon" tulilozoea halikutoka.

Aligeuka akaja mpaka nilipo. Akanyanyua mikono yote miwili pembeni, kama mtu anayepimwa suti.

"Mkubwa anaanza," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Haya, Faida."

Nilipiga magoti. Nililishika fundo lake. Nilikuwa nalaani moyoni Wafaransa wote waliokuwa wanaangalia. Ncha ilikuwa imerudi, imefuata, imefuata, na kwenye mzunguko wa mwisho imeruka. Hatua moja.

"Papa, bado."

Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akalifungua lote, akaanza upya. Kwa macho, kidole kimoja baada ya kingine, kama anayesoma barua. Hakuna aliyemharakisha. Yule Mfaransa aliyekuwa nyuma yetu alikaa chini akawasha jiko la kahawa. Alipomaliza nikalivuta, nikalihesabu mistari, nikalivuta tena.

"Sasa ndiyo."

"Na mimi nikuone."

Nikamwambia mimi niko sawa, tupande, jua linakuja. Nilikuwa na haraka ya kuondoka pale kabla sijalia mbele za watu. Akaniambia nyanyua mikono. Nikanyanyua. Akainama na miwani yake, akaangalia fundo langu, akalipitia, akaridhika. Kisha akaangalia mkanda. Mikanda ya siku zile, ulimi wake unapita kwenye pete, halafu lazima urudi ndani ya pete mara ya pili, la sivyo ukining'inia unachomoka wenyewe. Wangu ulipita mara moja tu. Asubuhi yote nilikuwa namwangalia yeye.

Akaushika ulimi kwa vidole vyake viwili vilivyo hai, akauvuta, mkanda wote ukalegea kiunoni mwangu mbele ya Ufaransa nzima.

"Faida," akasema. "Mdomo wazi, mkanda wazi."

Jospin alicheka mpaka akakaa juu ya begi la mikate. Wote wakacheka, na mimi nikatukana kidogo, kisha nikarudisha ulimi kwenye pete, Papa Deo akauvuta mara mbili kuhakikisha. Tukapanda. Kamba nne. Kule juu sikusikia mashairi yoyote kutoka kwake. Aliangalia mabonde, akaangalia theluji, halafu akaangalia pete ya chuma tuliyojifungia, akasema aliyeichimbia alitumia tundu kubwa kuliko msumari wake, na kwamba kwao Bujumbura angeirudia.

Tuliporudi Stockholm alimweleza Gunilla mwenyewe. Mimi nilikuwa nje ya mlango na masikio yote mawili. Gunilla alivuta pumzi ndani, akamwuliza anamhitaji nani wa kukaza skrubu wakati yeye anaamua njia zipite wapi. Ndiyo maana mnamwona anazunguka na kalamu ya chokaa na nyie mnamfuata na bisibisi.

Sasa nyumba za mlimani mnazishika kwa kubonyeza kwenye kompyuta, hamhitaji mtu wa kugombana kwa Kifaransa, na mimi naenda kusomea kujibu simu za dharura, ambako kuongea sana ni sifa. Kompyuta haitawaambia theluji iko wapi, kwa hiyo namba za walinzi msizitupe. Na pale ukumbini mtakuta kila siku, kila kamba, mtu mwenye umri mkubwa ananyanyua mikono kwanza, hata Gunilla, hata wale vijana wa Kiswidi wenye miaka kumi na saba na kumi na sita wanabishana nani alizaliwa mwezi gani. Juzi mteja mmoja alimweleza mwenzake kwamba ni utaratibu mpya wa usalama kutoka Norwei. Papa Deo alikuwa palepale, mikono juu, anasubiri kuguswa. Alitikisa kichwa kukubali akasema ndiyo, Wanorwei ni watu makini sana.